Bolti Mbili Zilizochomoka

Gaudensia aliogopa kimo, kule kuwa juu mbali na ardhi. Hakuna aliyemtia hofu hiyo, wala hakuna tukio lililoileta. Alizaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na baka shavuni. Utotoni kwao Kabungu, wenzake walipokwea mizambarau, yeye alibaki chini na kanga ya mama yake akikinga zambarau zinazodondoka. Usichanani aliimba kwenye kwaya ya kigango, na sauti yake ilisifiwa. Siku kwaya ilipoalikwa mjini Mpanda, katika kanisa ambalo waimbaji hukaa juu kwenye roshani, alipanda ngazi hadi katikati, magoti yakagoma. Alishuka kwa kukalia makalio, ngazi moja baada ya nyingine, waumini wakigeuka kumtazama. Hakurudi tena kwenye kwaya.

Mumewe, Nkwabi, alikuwa kinyume chake. Alikuwa Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Katavi na ng'ombe wao akiwa bado anabebwa mgongoni. Mtu mrefu, mwepesi, asiyejua kukaa chini kazi ikiwa bado ipo. Waliishi Kasokola, wakalima mahindi na karanga kwenye shamba refu lililoanzia nyuma ya nyumba yao na kuishia pale msitu unapoanza. Binti yao, Dorice, alikuwa ameolewa Magamba, kwa hiyo nyumbani walibaki wawili tu.

Adui wao mkubwa alikuwa nguruwe pori. Mahindi yakianza kukomaa, nguruwe walitoka msituni kwa makundi, wakaangusha mistari mizima kwa jioni moja. Nkwabi alikuwa na gobole lenye kibali na ruhusa ya kuwawinda nguruwe wanaoingia mashambani, ila kuwavizia ukiwa chini ilikuwa shida. Walinusa mtu kabla hajawaona. Ndipo akaamua kuwinda akiwa juu. Mwishoni mwa shamba palikuwa na mti mkubwa wa mtundu, mnene, ulionyooka bila tawi hadi juu sana. Hapo kwenye panda ya kwanza akajenga ulingo wa mbao wa kukalia.

Kuufikia huo ulingo ndiko kulikohitaji akili. Mwanzoni aligongomea vipande vya mti kwa misumari, vikaoza mvua ya kwanza. Kisha akapata mjini, kwa mafundi wa magari, bolti ndefu nene zilizotoka kwenye malori mabovu. Akatoboa mtundu kwa keekee, ile ya kuzungusha kwa mkono, tundu moja kushoto na jingine kulia, kupanda hadi juu. Kila tundu aliliinamisha kidogo kuelekea ndani ili bolti isiteleze nje. Hazikufungwa kwa nati wala hazikugongwa. Ulizichomeka tu, ukakanyaga. Jioni akirudi nyumbani alizichomoa zile za chini na kuzitia kwenye mfuko, mtu mwingine asije akapanda na kukuta gobole lililobaki ulingoni. Alijivunia sana ngazi yake hiyo. Wageni wakija, aliwapeleka kuiona kabla hata hawajanywa maji.

Gaudensia hakuitazama. Akipalilia upande ule, aliupa mtundu mgongo. Mumewe akiwa juu, yeye alisikia vidole vya miguu vikijikunja ndani ya kandambili kana kwamba ni yeye anayening'inia.

Misimu ilipita. Mwaka huo, mahindi yakiwa mabichi ya kuchoma, Nkwabi alisema asubuhi wakinywa uji, "Bolti za kule juu zimeanza kucheza. Mti umeoza kwenye matundu. Naenda kutoboa mengine."

"Baba Dorice, si uache tu?" Gaudensia akasema. "Nguruwe wenyewe siku hizi wachache."

"Wachache kwa sababu niko juu, mama." Akacheka, akachukua keekee na kamba, akaenda. Simu yake aliiacha mezani kwa sababu haikuwa na chaji.

Mchana ukafika, ugali ukaiva, hakurudi. Gaudensia akafunika chakula na kungoja. Ugali ulipopoa, wasiwasi ukamwingia. Nkwabi hakuwa mtu wa kuchelewa chakula. Akachukua simu yake ndogo ya vitufe, akaitia kifuani ndani ya blauzi, akajitanda kanga, akashika njia ya katikati ya mahindi.

Alipokaribia mwisho wa shamba alimwita. Kimya. Akaita tena, na safari hii akasikia kitu kama mluzi mdogo kutoka juu. Akainua macho kwa shida. Nkwabi alikuwa amelala kifudifudi kwenye ulingo, kichwa kimechungulia nje ya mbao, uso umebadilika rangi kama majivu. Mkono mmoja ulining'inia vibaya, kiganja kimeelekea pasipotakiwa, na damu ilikuwa imetiririka kwenye gome la mti na kukauka. Chini ya mti, kwenye majani, zilikuwa bolti mbili.

Kabla hajafungua kinywa, Nkwabi aliweka kidole cha mkono mzima mdomoni. Kisha akanyoosha kidole hicho nyuma ya mkewe, kuelekea alikotoka.

Gaudensia akageuka. Njia aliyopita sasa hivi ilikuwa imezibwa na kitu cha kijivu. Mahindi yalitikisika kulia, yakatikisika kushoto, na katikati yake ukatokea mgongo, kisha sikio. Tembo. Hakuwa mmoja. Walikuwa wameingia shambani kimya kimya kutoka upande wa korongo, na yeye aliwapita bila kujua, labda kwa umbali wa kurusha jiwe.

"Panda," Nkwabi alinong'ona kutoka juu. "Mama Dorice, panda. Usikimbie."

Alitaka kukimbia. Lakini kulia palikuwa na msitu, kushoto korongo, na mbele yake mahindi yalikuwa yakiinama moja kwa moja kumfuata. Sijui ni kitu gani kilichomfanya aokote zile bolti mbili. Yeye mwenyewe baadaye hakuweza kueleza. Alizifunga kwenye pindo la kanga, kanga akaikaza kiunoni, akavua kandambili na kuweka mguu kwenye bolti ya kwanza.

Chuma kilikuwa cha moto kwa jua na kilimuuma wayo. Alikumbatia mti, akapandisha mguu wa pili. Aliyafumba macho. Akajua kwamba hawezi kuitafuta bolti inayofuata bila kuona, akayafumbua, akatazama gome tu, lile gome lililokuwa mbele ya pua yake, na sisimizi wakipita kwenye nyufa zake. Mkono, mguu. Mkono, mguu. Pumzi ilitoka kwa kelele, akajaribu kuizuia, ikazidi.

"Simama hapo," Nkwabi akanong'ona. "Usiguse za juu. Hapo juu hakuna kitu."

Ndipo alipoona. Juu ya mkono wake palikuwa na matundu mawili matupu, meusi, yakitoa ungaunga wenye unyevu kama ugoro. Kutoka pale hadi ulingoni palikuwa na nafasi ambayo hata mtu mrefu mwenye mikono miwili mizima asingeiruka. Hakuweza kupanda zaidi. Na chini, majani yalikuwa yakisagwa.

Tembo jike mkubwa alitoka kwenye mahindi, akasimama kwenye kivuli cha mtundu. Gaudensia hakumtazama, lakini alimsikia: ule mvumo tumboni mwake, kama gari zito lililosimama bila kuzimwa injini. Alisikia harufu yake. Mkonga ulipita kwenye nyasi, ukakuta kandambili, ukazigeuza. Kisha ukaanza kupanda kwenye mti, ukinusa bolti moja moja, ukipuliza pumzi ya moto. Ukafika kwenye kisigino chake. Kilikuwa kitu chenye unyevu na vinyweleo, kikamgusa wayo kwa upole, kama mtu anayepapasa kitu gizani. Mkojo ukamtoka, ukamshuka mguuni. Hakuona aibu, aliona tu kwamba sasa atanukia zaidi.

Ndipo simu ikalia.

Ililia kifuani mwake kwa sauti ile kubwa ambayo Dorice mwenyewe ndiye aliyeiweka, ili mama asikose kusikia akiwa shambani. Mkonga ukaondoka ghafla. Masikio ya tembo yakafunguka, pwa, kama turubai likipigwa na upepo. Gaudensia aliachia mkono mmoja, akauingiza ndani ya blauzi atafute kitufe, simu ikateleza, ikapita tumboni, ikaanguka. Ikaendelea kulia kwenye nyasi.

Tembo alirudi nyuma. Akapiga ukelele uliomfanya Gaudensia ahisi meno yake yanatikisika, akaja mbele na kuupiga mti kwa paji la uso. Pigo moja tu. Mtundu ukayumba kuanzia chini hadi juu, majani yakamwagika, na bolti iliyokuwa chini ya mguu wake wa kushoto ikazunguka. Mguu ukachomoka. Akabaki ananing'inia kwa mikono na mguu mmoja, shavu likisuguliwa na gome, akisema jina la Mungu bila sauti. Juu, Nkwabi alikuwa analia. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumsikia akilia.

Kisha simu ikanyamaza. Tembo akasimama, akatupa vumbi mgongoni, akageuka taratibu na kuingia tena kwenye mahindi. Walimsikia akivunja mabua, akijiunga na wenzake, upande ule ule wa nyumbani.

Gaudensia alipata tena bolti ya kushoto kwa kidole gumba cha mguu, akasimama juu yake, akaliegemeza paji la uso wake kwenye mti.

"Mama Dorice."

"Usiseme nami."

"Mama Dorice, kizunguzungu kinanijia. Naona nitaanguka."

Aliinua macho. Ilikuwa kweli. Kichwa cha Nkwabi kilikuwa kinapepesuka, na mbao za ulingo hazikuwa na ukingo. Mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umetoboa ngozi. Alieleza kwa maneno mafupi: alikuwa akishuka kutafuta mahali pazuri pa kutoboa, bolti zote mbili zikachomoka kwa pamoja, akadaka tawi kwa mkono mmoja na mkono ule ukavunjikia hapo. Alijivuta kurudi ulingoni, na tangu asubuhi yupo hapo. Simu ilikuwa kwenye nyasi, haifikiki. Nyumba ya karibu, ya Zakayo, balozi wao wa nyumba kumi, ilikuwa ng'ambo ya tembo. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama.

"Keekee ninayo hapa," Nkwabi akasema. "Mkono mmoja hauwezi kuitumia. Nikikushushia kwa kamba, wewe utoboe mawili tu. Niwe na pa kukanyaga."

"Mimi?"

"Wewe mke wangu. Nani mwingine yupo?"

Alitaka kumtukana. Alitaka kumwambia kwamba alimwonya, kwamba hakuna nguruwe anayestahili jambo hili. Lakini yule juu alikuwa akipepesuka. Akasema, "Shusha."

Nkwabi alifunga kamba kwenye tawi kwa mkono mmoja na meno. Ilichukua muda kiasi kwamba Gaudensia alianza kuhisi mapaja yakitetemeka yenyewe. Kamba ikashuka, na mwisho wake keekee. Alipewa maelekezo: kwanza pitisha kamba kwapani, uizungushe kwenye mti, ukaze fundo. Alifunga fundo la kufungia mbuzi, kwa sababu ndilo pekee alilolijua.

"Sasa tafuta penye mti mzima. Usitoboe karibu na matundu ya zamani. Gonga na kichwa cha bolti usikilize."

Akagonga. Karibu na matundu, mti ulitoa sauti ya debe tupu. Akasogeza mkono upande, akagonga tena, na mti ukajibu kwa uzito. Hapo akaweka ncha ya biti, kile chuma cha keekee kinachotoboa.

Ubaya wa keekee ni kwamba haili mpaka uisukume kwa kifua. Na kila alipoisukuma, mti nao ulimsukuma yeye nje, nyuma, kwenye hewa. Mara ya kwanza mwili ulipoachana na mti na kamba ikamkaza kwapani, aliachia kila kitu na kukumbatia mti tena, macho ameyafumba, akisema, "Siwezi, siwezi, siwezi." Keekee ikaning'inia kwenye kamba, ikimgonga gotini.

Nkwabi hakumhimiza. Alisema tu kwa sauti iliyoanza kujikokota, "Basi pumzika. Nami napumzika." Sauti hiyo ndiyo iliyomtisha kuliko kimo. Ilikuwa sauti ya mtu anayekaribia kulala.

"Usilale!" akafoka kwa kunong'ona. "Nkwabi, usilale! Niambie nizungushe upande gani."

Hakuwahi kumwita kwa jina lake tangu Dorice azaliwe. Nkwabi akafumbua macho. "Kulia. Kama unavyokoroga uji."

Akazungusha. Biti iliteleza juu ya gome, kisha ikashika. Ungaunga mwekundu, mkavu, wenye harufu nzuri ya mti hai, ukaanza kumwagikia mikononi mwake. Sisimizi waliotoka kwenye matundu ya zamani walimpanda shingoni na kumuuma, akawaacha. Mahindi yalivunjika kule nyuma, akasimama, akasikiliza, akaendelea. Viganja vyake vilivyozoea jembe vilitoka malengelenge mahali pasipozoea. Hakuwaza kuhusu chini. Si kwamba hofu ilikwisha. Ilikuwa imejaa kiasi kwamba hapakubaki nafasi ya kuigeuza. Aliibeba tu, kama ndoo iliyojaa hadi ukingoni, akizungusha.

Tundu la kwanza lilipofika kina cha kutosha, alifungua pindo la kanga, akachomeka bolti, akaning'inia kwayo kwa mkono. Haikucheza. Akapanda juu yake, akahamisha fundo, akatoboa la pili. Hili lilikuwa gumu zaidi kwa sababu mikono ilikuwa imeisha nguvu, na alilipinda kidogo kuelekea juu. Nkwabi aliliona akasema litafaa. Wote wawili walijua kwamba anatia moyo tu.

Kushuka kulikuwa kubaya kuliko kupanda. Kamba alimrudishia mumewe, akamwongoza aipitishe kwapani, na yeye sasa hakuwa amefungwa na chochote. Alitangulia, akishika kifundo cha mguu wa Nkwabi na kukiweka kwenye kila bolti. "Hapo. Kanyaga. Sasa huu." Damu mpya ilimdondokea kwenye nywele. Kwenye lile tundu lililopinda, bolti ililia, kriii, ikashuka kidogo chini ya uzito wa Nkwabi. Gaudensia alikandamiza kiganja chake chini ya bolti kuizuia, ingawa alijua kiganja hakiwezi kitu. Bolti ikasimama. Nkwabi akapita.

Miguu ilipogusa ardhi, Gaudensia alikaa kwenye majani. Ni Nkwabi, mwenye mkono uliovunjika, aliyemwambia wasimame. Waliliacha gobole juu, na simu waliikuta imepasuliwa na wayo wa tembo. Wakazunguka kwa kupita korongoni, mbali na tembo, wakisimama kila jani lilipopasuka, na walifika kwa Zakayo giza linaingia. Mke wa balozi alipoona kanga ya Gaudensia ilivyojaa damu alidhani ni yeye aliyeumia. Zakayo akaita bodaboda, Nkwabi akapakiwa katikati, wakaelekea mjini hospitali. Kesho yake balozi na wanaume wengine walikwenda kulichukua gobole. Waliporudi walisema hawaamini kwamba mwanamke ndiye aliyetoboa yale matundu.

Dorice alikuja kutoka Magamba. Alipoambiwa kwamba simu yake ndiyo iliyolia, alipiga magoti mbele ya mama yake. Alikuwa amepiga kuulizia karanga za mbegu tu. Gaudensia akamwinua, akamwambia hakuna kosa, lakini simu mpya waliyomletea aliiweka isitoe sauti, na wanaomtafuta wanamkosa mara kwa mara.

Mkono wa Nkwabi ulipona ukiwa umepinda kidogo. Hauwezi tena kubeba gobole kwa uthabiti, na alilirudisha kwa waliolisajili. Kabla ya hapo waligombana sana. Alitaka kutoboa ngazi mpya upande mwingine wa mtundu, kwa biti nene zaidi, na Gaudensia, ambaye kwa kawaida hupunguza sauti mumewe akipandisha yake, alisimama mlangoni akasema kwamba siku atakapotoboa tundu lingine ndiyo siku atakayofunga mizigo kwenda Kabungu. Nkwabi akaingia ndani, akaleta mfuko wa bolti, akampa. Gaudensia alizigawa kwa jirani aliyekuwa anajenga zizi.

Msimu uliofuata hawakulima mwisho wa shamba. Waliuacha uote nyasi, na nguruwe wakiingia wanakutana na mioto ya kinyesi cha ng'ombe na pilipili, ambayo majirani huwasha kwa zamu. Mavuno yamepungua.

Majirani hupenda kusema kwamba Gaudensia alishinda hofu yake siku ile. Yeye hukataa. Huwaambia kwamba hakushinda kitu. Kwamba bado akiota, huota yupo pale, mguu mmoja hewani, na huamka amekamata kitanda kwa mikono yote miwili. Mwanamke mmoja wa jumuiya yao, Specioza, alimwuliza siku moja wakimenya karanga, kama ingetokea tena, je, angepanda?

Gaudensia alirusha maganda kando.

"Ningepanda," akasema, "lakini usinitajie tena."

Wakaendelea kumenya.